Mazishi ya Kisima Namba Tisa

"Serikali Tukufu inawatangazia wananchi wote, walio hai na wale wanaokusudia kuendelea kuwa hai, kwamba mtumishi wa umma mwandamizi, Ndugu Kisima Namba Tisa, amefariki dunia leo saa tatu na robo asubuhi kwa amri ya Waziri. Marehemu aliugua ghafla, akatibiwa kwa uvumilivu, akafa kwa utii. Mazishi ni Ijumaa. Wananchi wanaombwa kuhuzunika kwa zamu."

Tangazo hilo alilisoma Mwalimu Nkwabi, mkuu wa shule yetu, mstarini, akiwa amevua kofia. Sisi wanafunzi mia nne na kumi tulivua nyuso zetu za kila siku tukavaa za msiba. Kisha tukanyamaza dakika moja kama tulivyoagizwa, na katika kimya hicho tukamsikia marehemu akipumua.

Alikuwa hatua thelathini tu kutoka pale tulipopangwa, nyuma ya vyoo vya bweni la Kifaru. Fuuuu, akatoa pumzi. Kimya. Fuuuu. Mwalimu Nkwabi akakohoa ili kumfunika, kikohozi kikaisha, pumzi ikabaki. Ndipo akatuamuru tuimbe wimbo wa taifa, beti zote sita, pamoja na ule unaopigwa kwa miluzi.

Msomaji asiye wa nchi yetu (jina lake huandikwa kwa wino wa dhahabu peke yake, nami nina kalamu ya buluu, nisamehewe) atauliza kisima kilipataje kuwa mtumishi wa umma. Jambo ni jepesi. Miaka thelathini na moja iliyopita, Kiwanda cha Taifa cha Ngozi kilipojengwa juu ya kilima chetu, wataalamu walisema ni lazima pachimbwe kisima kwenye mteremko wa chini yake, si cha kunywa bali cha kutazamia. Ni shimo jembamba lenye bomba la chuma, upana wa sahani, kina cha mita arobaini. Kazi yake ni kumwezesha mtu kujua maji yaliyo chini ya ardhi yana hali gani, na kama dawa za kulainishia ngozi zimeanza kutambaa humo. Sasa mwaka ule Wizara iliruhusiwa kuajiri, lakini haikuruhusiwa kununua kifaa chochote. Basi kisima kikaajiriwa. Kilipewa namba, kikaapishwa, kikapandishwa cheo mara nne. Likizo zake kilizimalizia pale pale kilipo.

Kwa hiyo ilipoamuliwa kizibwe, haikuwezekana kukiziba kama shimo la panya. Sheria ya utumishi haijui kuziba. Inajua kustaafisha, kufukuza na kuzika. Kustaafu kilikuwa hakijafikia umri, na kufukuzwa kisingeondoka.

* * *

Aliyekitunza miaka yote hiyo ni Mzee Chambulilo, mpimaji. Kila asubuhi, kengele ya kwanza ikilia, alipita darasani kwetu kuomba kipande cha chaki. Aliipaka kwenye utepe wake mrefu wa chuma, akaushusha kisimani polepole, akaupandisha, akatazama chaki imelowa mpaka wapi. Akapiga hesabu kwa vidole, akaandika daftarini. Kila Ijumaa alichota chupa moja ya maji ya humo, akaiziba kwa nta na kuikabidhi gari la Wizara. Chupa zilikwenda mji mkuu kupimwa. Majibu hayakurudi. Yalikuwa siri, na Mzee Chambulilo, aliyezijaza kwa mkono wake, hakuwa na cheo cha kuyajua.

Alipokuwa akifanya kazi alizungumza nacho.

"Umeamkaje, mwenzangu? Leo umeshuka kidogo. Ni jua hili?"

Nacho kilipumua. Hili si la kubuni: mvua ikikaribia kilitoa pumzi, hali ya hewa ikitulia kilivuta ndani, na karatasi iliyopita karibu ilinyonywa ikapotea. Mwalimu wa fizikia alituambia ni kanieneo ya hewa tu. Tuliandika kwenye madaftari, ila tuliona kwamba yeye mwenyewe alikuwa akizunguka mbali akienda chooni. Pumzi ile ilikuwa baridi hata saa sita mchana, na ilinuka ngozi mbichi. Ukipita hapo peke yako, nywele za shingo zilisimama kama zimeitwa majina.

Adhuhuri moja Mzee Chambulilo alinikuta nimekaa karibu na kisima nikikwepa kipindi cha kilimo. Hakunishtaki. Aliuliza tu:

"Sangiwa, wewe unasoma. Bomba la Mabondeni liko juu ya hapa au chini?"

"Chini, babu."

"Na maji huelekea wapi?"

"Chini."

"Haya." Akafunga daftari. "Bibi yako Mashavu anachota pale. Kitongoji kizima kinachota pale. Miaka thelathini na moja najaza chupa, sijui ninachojaza. Nikiondoka kazini bila kujibiwa, nitamtazamaje mke wangu akinipa kikombe?"

Nilimpa chaki nyingine.

* * *

Jumatatu, wiki ile ile ya msiba, Mheshimiwa Kalembelembe, Waziri wa Maji, Ngozi na Utulivu, alikuja kukitunuku kiwanda nishani ya usafi. Kiwanda kilinuka mno kwa sherehe, kwa hiyo sherehe ikahamishiwa shuleni. Na kwa kuwa Wizara ilitaka watumishi wake wote wahudhurie bila udhuru, jukwaa lilijengwa kando ya Kisima Namba Tisa, kikafungwa utepe mwekundu shingoni.

"Maji yetu," alisema Waziri, "ni safi kuliko yalivyokuwa kabla hayajawa yetu. Mimi mwenyewe ningeyanywa, kama si majukumu." Makofi. "Kuna mwenye malalamiko? Aseme sasa hivi, mbele yangu, bila woga!"

Akaacha nafasi, kama wafanyavyo viongozi wenye hakika kwamba kimya kitabaki kimya.

"Nina kiu," kikasema kisima.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwenda chooni, tumbo lilinisumbua, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyapata kwa mashahidi. Wanasema ilikuwa sauti nzito ya mbali, yenye mwangwi wa chuma, kama ya mtu aliyeamshwa kaburini kabla ya wakati wake. Mpiga ngoma wa bendi aliiangusha ngoma, nayo ikabiringika mpaka miguuni pa Waziri na hakuna aliyeifuata.

Bi. Tunu Mgonja, katibu wa Waziri, mwanamke mwenye kalamu tatu na asiyecheka hata na moja, ndiye wa kwanza kupata maneno.

"Ameomba kwa maandishi?"

"Hana mikono, mama," akasema Mwalimu Nkwabi.

"Basi aweke dole gumba."

"Hana na—"

"Mwalimu, unamtetea?"

Waziri aliamuru kipewe maji. Ikamiminwa bilauri nzima ya maji yake mwenyewe, yale ya chupa, yenye picha ya mlima ambao hauko nchini kwetu. Walisikia yakianguka muda mrefu. Kisha kutoka chini kabisa:

"Bado."

Mzee Chambulilo alikuwa amepiga magoti. "Mwenzangu," alisema akishika ukingo wa bomba kwa mikono miwili, "mwenzangu, kumbe unasikia?" Na machozi yalimtoka mbele ya bendi na wageni.

Waziri hakulia. "Kisima," alisema, "kisima cha Serikali kinalalamika kiu mbele ya wanunuzi wa ngozi kutoka ng'ambo! Mtumishi huyu ni mgonjwa sana. Kesho saa tatu na robo atakuwa amefariki. Andika."

Bi. Tunu aliandika. Mimi nilirudi kutoka chooni nikiwa na nafuu kubwa, nikawakuta wenzangu wameachama midomo. Sufiani, jirani yangu wa kitanda, alinishika mkono. "Umekosa, ndugu yangu! Umekosa ya mwaka!" Nikasikitika pamoja naye.

Kilichofuata sikukitarajia. Asubuhi ya Jumanne, kabla hata ya tangazo la kifo, watu wa Mabondeni walikuwa wamepanda kilima na kuweka bakuli za maji kuzunguka kisima, zaidi ya arobaini, kila moja imefunikwa kwa jani. Hawakupiga kelele. Waliweka, wakarudi nyuma bila kukipa mgongo. Na Mzee Chambulilo hakuja kuomba chaki. Alikwenda moja kwa moja akainama juu ya bomba.

"Mimi nilidhani naongea peke yangu miaka yote," nilimsikia akisema. "Sasa nakuuliza jambo moja, mwenzangu. Bomba la nyumbani. Tunywe au tusinywe?"

Alingoja mpaka kengele ya pili.

"Kitajibu kikiwa tayari," akaniambia, akitabasamu kama mtu aliyepata barua.

* * *

Daktari wa wilaya aliletwa kuthibitisha kifo. Aliweka kifaa chake cha kusikilizia kwenye bomba, akasikiliza, akabadilika rangi, akasikiliza tena. Nimeiona fomu kwa macho yangu. Kwenye "Kifo" aliandika: *kimethibitishwa*. Kwenye "Kupumua" aliandika: *kunaendelea*. Kwenye "Maoni ya daktari" aliomba uhamisho.

Siku hiyo hiyo baada ya chakula cha mchana niliitwa ofisini. Bi. Tunu alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mwalimu Nkwabi, na Mwalimu Nkwabi amesimama kwenye nafasi ya mkosaji.

"Wewe ndiye Sangiwa mwenye sauti?"

"Sauti ipi, mama?"

"Ya kusoma. Mkuu wako anasema ukisoma hadharani hata wapishi wanalia. Utaandika wasifu wa marehemu na kuusoma Ijumaa. Alizaliwa, akaajiriwa, akatumikia, hakulalamika."

"Mama, watu wanasema alilalamika kiu."

"Hakulalamika," alisema, na akanikabidhi faili nene lililofungwa kamba. "Humo kuna tarehe zake. Tarehe tu. Usisome kingine."

Unamwambia mwanafunzi wa bweni asisome kingine! Nilikwenda stoo ya vitabu, nikafungua dirisha kwa sababu ya vumbi, nikafungua faili kwa sababu ya tabia. Mwanzoni nilicheka. Kulikuwa na barua ya kukipongeza kisima kwa kutochelewa kazini, na onyo moja kwa kutohudhuria gwaride. Nikafika kwenye karatasi ya miaka miwili iliyopita, yenye muhuri wa maabara, nikasoma hivi:

*Maji ya Kisima Namba Tisa hayafai kunywewa na mtu wala mnyama. Dawa ya ngozi imekwisha kupita hapo. Bomba la Mabondeni lifungwe mara moja.*

Chini yake, mwandiko mwingine: *Imeonekana. Shule ipelekewe boza. Mabondeni wasishtuliwe.*

Na chini zaidi, kwa kalamu nyekundu: *Mpimaji asijulishwe. Atahuzunika.*

Boza la maji lilianza kuja shuleni kwetu nilipokuwa kidato cha kwanza. Tulilipokea kwa makofi. Mwalimu Nkwabi alituambia Serikali inapenda elimu.

Nilikaa na karatasi ile magotini. Dirisha lilikuwa wazi upande wa vyoo, na pumzi ya kisima iliingia mpaka nilipo, baridi, ikinuka ngozi, ikageuza ukurasa. Sikucheka tena. Niliinakili kwenye karatasi ya daftari, nikaikunja mara nne, nikaiweka mfukoni.

Kutoka stoo ile mpaka Mabondeni ni mwendo wa robo saa, na njia inateremka. Najua msomaji anawaza nini. Mimi pia niliwaza. Lakini mvulana wa kidato cha tatu ni nani hata aamke aseme Serikali imeficha sumu? Wangeuliza faili nimelitoa wapi, halafu wangeanza kuuliza mengine. Nikajiambia kisima chenyewe kitasema siku ya Ijumaa, wakati wa kuagwa. Kisima wanakiamini. Kwa nini nilikuwa na hakika kwamba kitasema, naomba msomaji asiniharakishe.

Jumatano nilipita karibu na kisima nikakuta bakuli zimeongezeka. Alhamisi pia. Mzee Chambulilo aliinama, akauliza swali lake, akangoja. Saa zile mimi huwa darasani.

* * *

Ijumaa saa nne kulikuwa na watu mia sita uwanjani. Kwaya ilivaa nyeusi. Waziri alilia kwa leso iliyoshikwa na msaidizi.

Mtu pekee aliyeonekana anajua anachofanya ni Fundi Shomvi, mchimba visima, aliyeletwa na mashine yake ya kupandishia uji wa saruji. Kamati ilitaka kisima kifunikwe kwa sinia la shaba na bendera. Alikataa.

"Kisima hakizibwi kwa juu kama chupa," alisema. "Ukifanya hivyo, huko chini kinabaki wazi, na uchafu unapita humo kama uchochoroni. Unashusha mpira mpaka mwisho, unatanguliza vidonge vya udongo, vile vinavyovimba vikilowa, halafu unapandisha saruji toka chini, taratibu, mpaka ije yenyewe mdomoni. Kisha unakata chuma, unafukia. Lakini niseme jambo, mama. Hili lilikuwa jicho lenu. Mkishaliziba hamtaona tena kinachokuja."

"Ndiyo madhumuni," alisema Bi. Tunu. "Endelea."

Nikaitwa kwenye kipaza sauti. Karatasi ya Bi. Tunu ilikuwa mkononi na karatasi ya maabara ilikuwa mfukoni. Mbele yangu, safu ya kwanza chini, walikaa watu wa Mabondeni na bakuli zao mapajani, na kati yao Mzee Chambulilo na mkewe, Bibi Mashavu, aliyevaa khanga ambayo haijafuliwa hata mara moja bado. Nilisoma.

"Marehemu alizaliwa kwa mashine ya kuchimbia. Alikuwa mnyenyekevu, hakuna aliyewahi kumwona akisimama. Hakuwahi kuchelewa kazini. Hakuwahi kusafiri kwa gharama za umma. Hakuwahi kulalamika."

Wapishi walilia. Sauti yangu ilitoka nzuri, iliyonyooka, ya mtu anayeamini. Niliisikia ikirudi kutoka ukuta wa bweni, na nilitamani isiwe yangu.

Mshereheshaji akatangaza salamu za mwisho. Huo ndio wakati niliokuwa nimeupanga. Nikajisogeza pembeni, nikamwinamia Waziri.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa. Tumbo."

Waziri aliweka mkono wake mzito begani kwangu, kwa upendo, kwa ajili ya wapiga picha. "Serikali nzima hapa imebana, kijana," alisema kwa chini. "Bana na wewe."

Mkono haukuondoka.

Ndipo Mzee Chambulilo akainuka. Hakuwa kwenye ratiba. Bi. Tunu alinyanyua kalamu kumzuia, lakini watu wote walikuwa wamenyamaza, hata watoto, na yeye mwenyewe akaishusha. Mzee alipiga magoti, akaweka mdomo karibu na bomba.

"Mwenzangu, wanakuzika. Sitakuuliza tena baada ya leo. Bomba la Mabondeni. Tunywe, au tusinywe?"

Anga lilikuwa jeupe, bila wingu. Kisima hakikupumua hata kidogo. Watu mia sita waliegemea mbele. Nilisikia utepe wa kwaya ukipigwa na upepo, na mkono wa Waziri ukipata jasho juu ya shati langu. Karatasi ilikuwa mfukoni. Kipaza sauti kilikuwa hatua mbili kutoka mdomo wangu, na taa yake nyekundu bado inawaka.

Mzee alingoja. Sijawahi kumwona mtu akingoja namna ile, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza mlango wa chumba cha mgonjwa. Nilifungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

Mwishowe alisimama, akafuta magoti.

"Kimenyamaza," aliwaambia watu wake. "Kingekuwa na neno baya kisingenificha. Nakijua. Tunywe tu."

Bibi Mashavu alipiga kigelegele. Wakapokezana safu nzima, wanawake wakikumbatiana, bakuli zikigongana. Waziri alidhani ni kwa ajili yake, akapunga mkono.

Fundi Shomvi aliwasha mashine. Mpira ulikuwa umeshuka mpaka chini. Saruji ikaanza kujaa toka huko na kusukuma hewa juu. Mwanzo tulisikia kububujika. Kisha likatoka lile ambalo mpaka leo nalisikia nikiinamia ndoo: mguno mrefu, wa chini sana, uliopanda na kupanda na kuwa kama neno ambalo halipati mdomo. Pamoja nao ikapanda pumzi nyeupe, vumbi la chaki la miaka thelathini na moja, ikasimama juu ya bomba kwa urefu wa mtu, ikakaa, ikapotea. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya halaiki, mdomo umefungwa, bega limeshikwa na Serikali. Sauti ile haikutolewa na mtu.

Saruji ya kijivu ikafika mdomoni, laini kama uji. Waziri akatia sahihi juu yake kwa kijiti.

* * *

Wageni walipoanza kula pilau ya msiba niliruka ukuta wa shamba la shule nikateremka mbio.

Mabondeni walikuwa wamefika kabla yangu. Foleni ya bombani ilikuwa ndefu kuliko siku zote, madumu ya njano yamepangwa mpaka kwenye migomba, na mtoto wa kike alikuwa akining'inia kwenye mpini wa pampu akicheka. Chini ya ukuta walikuwa wamebandika sufuria kubwa tatu za chai. Bibi Mashavu alikuwa akigawa vikombe. Mzee Chambulilo amekaa kwenye kigoda, cha kwake mkononi, amekwisha kunywa nusu.

"Babu, usinywe!"

Alicheka kwanza. "Msomaji wetu! Njoo, mpeni kikombe. Umesoma vizuri mwanangu, hata mimi niliyekijua nimelia."

"Babu, maji yana sumu. Nimesoma kwenye faili. Maabara ilisema bomba lifungwe." Nikatoa karatasi. Niliikunjua kwa haraka mpaka ikachanika kwenye mkunjo. Alisoma taratibu, akifuata kwa kidole. Alipofika kwenye ile ya kalamu nyekundu, *atahuzunika*, kidole kilisimama.

"Ulisoma lini hii?"

"Jumanne."

"Leo ni nini?"

"Ijumaa."

"Nilipokiuliza pale mbele ya watu, ulikuwa wapi?"

"Pale, babu. Kwenye kipaza sauti."

"Na karatasi ilikuwa wapi?"

Bibi Mashavu alikuwa ameacha kugawa chai. Alinikaribia akanitazama mdomo, si macho.

"Hebu sema tena," aliniambia. "Sema *babu* kwa chini, kama umeinamia kitu."

"Bibi..."

"Ni wewe." Alisema polepole, kama anayetoa mwiba. "Jumatatu nilikuwa nimekaa mita mbili na lile bomba. Ni wewe."

Naam. Ni mimi. Huo ndio mwisho wa maigizo yangu, ndugu msomaji, na pole kwa tumbo langu ulilolihurumia bure. Nilipitisha mpira wa bustani ya mwalimu wa kilimo kutoka dirisha la choo cha tatu, chini ya nyasi, mpaka tundu lililotoboka kwa kutu ubavuni mwa kisima. Nilitaka kumtisha Waziri. Nilitaka Sufiani acheke wiki nzima. Kwa mzaha huo kisima kikauawa, na kwa mzaha huo huo mzee mmoja akaamini kwamba mwenzake anasema, akampelekea swali la maisha yake, na mwenzake nilikuwa mimi, nimebanwa begani, nina jibu mfukoni.

Niliyasema hayo yote pale, kwa haraka, nikiangalia chini. Nilingoja kofi. Mzee Chambulilo alimwaga chai yake taratibu ardhini, akaangalia inavyonywewa na mchanga.

"Mke wangu," alisema, "toka Jumanne tumechota ndoo ngapi?"

"Tano kwa siku," alisema Bibi Mashavu. Akafikiri. "Leo zaidi. Leo tulifurahi."

Mzee akainuka, akaenda kumshusha yule mtoto kwenye mpini wa pampu. Watu wa foleni walianza kunung'unika. Walikuwa mbali, hawakusikia, waliona tu mzee anazuia maji. Aliniita kwa kidole.

"Simama hapa. Kila anayekuja umwambie. Usiseme kwamba nimekutuma mimi, wala kisima. Taja jina lako."

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene mwenye madumu mawili, aliyekuwa bado ameshika bakuli la mazishi kwapani.

"Mama, shikamoo. Naitwa Sangiwa, kidato cha tatu, bweni la Kifaru. Mimi ndiye niliyesema kisimani siku ile, ulikuwa utani. Lakini haya maji yana sumu kweli, msiyanywe."

Alicheka mpaka akaweka madumu chini.

Nikarudia.